Zamu ya Mwisho Hupewa Mgonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, wodi ya upasuaji ya wanaume. Ripoti ya usiku imesomwa na zamu ya asubuhi imeshika wodi. Kitanda cha 3 kuna kijana aliyevunjika mguu, amefungwa hogo jana jioni, na kilio chake kinasikika hadi kwenye ngazi. Kitanda cha 5 dripu imekwisha, damu imeanza kurudi kwenye mpira. Kitanda cha 9 ndugu wamesimama na mfuko wa dawa, wanataka kuhakikishiwa kwamba walichouziwa dukani ndicho kilichoandikwa. Kitanda cha 16 mgonjwa ameruhusiwa tangu jana, bajaji inamngoja nje. Kitanda cha 12 amelala dereva wa bodaboda aliyetolewa bandama usiku baada ya kugongwa. Katulia, kajifunika shuka hadi kidevuni, hasumbui mtu. Wauguzi ni wawili kwa wodi nzima. Waanze na nani?

Vyuo vya uuguzi huuliza swali la namna hii kwenye mitihani, na mwanafunzi aliyesoma hujibu bila kusita: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu. Ni jibu sahihi na limeokoa watu wengi. Ila wodini wagonjwa hawaji wamepangwa hivyo. Anayelia huvuta macho ya kila mtu, ndugu aliyesimama mlangoni naye huvuta, na aliye katika hatari kubwa kuliko wote huenda hana hata nguvu ya kuita. Kumtambua huyo kwa sekunde chache, tena huku unatembea, ni ufundi ambao nikiutazama kutoka kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa huwa sichoki kuustaajabia.

Tumfuate mmoja wa wale wawili. Anaelekea kitanda cha 12, lakini anapita kwanza kwa kijana wa kitanda cha 3 na kufanya jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Anashika vidole vya mguu vinavyochungulia kwenye hogo. Vina joto. Anabonyeza ukucha, unapauka, rangi inarudi mara moja. "Nisogezee vidole, kaka." Vinasogea. Kisha anavikunja yeye mwenyewe kuelekea juu, taratibu, huku akimwangalia kijana usoni. Kama misuli iliyo ndani ya hogo ingekuwa imevimba hadi kujibana na kujinyima damu, kunyooshwa huko kungemrusha kitandani, na maumivu yake yangekuwa yale yasiyosikia dawa. Hapo hogo lingepasuliwa mara moja, maana misuli ikikosa damu kwa saa chache haifufuki tena. Leo sivyo. Ni mfupa uliovunjika, unauma kama unavyopaswa kuuma. "Naona unavyoumia. Namwangalia mwenzako pale, nikirudi nakuja na sindano ya maumivu." Hata dakika haijaisha. Wanaosema kwamba anayelia hana hatari kwa sababu anayo pumzi ya kulilia wamesema nusu tu ya kweli; nusu ya pili ilikuwa kwenye vidole vile.

Kitanda cha 12. "Habari za asubuhi, kaka? Unajisikiaje?" Kijana anajibu kwamba ana kiu. Kwa jibu hilo muuguzi anafunua shuka. Mkono wa kijana ni wa baridi, una unyevunyevu. Bandeji ya tumbo ni kavu na safi, na mwingine angeridhika hapo. Yeye anapitisha kiganja chini ya kiuno, kwa sababu damu hufuata mteremko: hushuka ubavuni ikajikusanya mgongoni huku bandeji ya mbele ikibaki nyeupe. Kiganja kinatoka kikavu. Basi kama inavuja, inavuja ndani. Mapigo ya moyo ni 118. Presha ni 112 kwa 88. Mfuko wa mkojo una mililita 50, na ulimwagwa saa tatu zilizopita.

Asiye wa kazi hii ataona 112 na kushusha pumzi. Lakini mwili wa kijana mwenye afya ukipoteza damu hubana mishipa ya ngozi, mikono na miguu, moyo ukaongeza mwendo, na kwa nguvu hizo ukaishikilia presha ya juu isianguke. Mtu mzima anaweza kupoteza karibu lita moja na nusu, kiasi cha asilimia 30 ya damu yake, kabla namba ile ya juu haijaporomoka. Ikiporomoka, wakati mzuri wa kumsaidia umeshapita. Vinavyosema ukweli mapema ni vingine: mapigo yaliyopanda, presha ya chini iliyopanda hadi kuikaribia ya juu, ngozi ya baridi, kiu, na figo zilizoanza kubana mkojo. Mtu wa kilo 60 anatarajiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Huyu katoa 50 kwa saa tatu. Ukitazama kila kimoja peke yake unaweza kukipatia sababu: kiu ni ya dawa za usingizi, mapigo ni ya maumivu, baridi ni ya asubuhi. Muuguzi anavitazama vyote pamoja, na vyote pamoja vina jibu moja.

Kisha anafanya kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ameshamaliza kuhesabu mapigo, lakini haachii kifundo cha mkono. Ameendelea kukishika, saa mbele ya macho, na mgonjwa anadhani bado anahesabiwa mapigo. Kumbe anahesabiwa pumzi. Mtu akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna anavyopumua pasipo kukusudia, kwa hiyo hesabu hii hufanywa kimyakimya, na hufanywa kwa dakika nzima. Zinatoka 26. Nasikitika kusema kwamba hiki ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Kwenye mafaili mengi utakuta 20 imeandikwa asubuhi, mchana na usiku, siku nenda siku rudi. Nacho mara nyingi ndicho kinachotangulia kuharibika mtu anapozidiwa. Royal College of Physicians ya London ilipotoa jedwali lake la alama za tahadhari mwaka 2012, pumzi 12 hadi 20 kwa dakika zilipewa sifuri, na kuanzia 25 kwenda juu zikapewa 3, alama ya juu kabisa ambayo kipimo kimoja kinaweza kupata.

Oksijeni inawekwa, dripu inafunguliwa iende kasi, muuguzi mwenzake aliyekuwa kitanda cha 5 anaitwa asimame hapo. Simu kwa daktari wa zamu haichukui muda: "Daktari, ni kitanda cha 12, aliyetolewa bandama saa nane usiku. Mapigo 118, pumzi 26, presha 112 kwa 88, mkojo mililita 50 kwa saa tatu, mikono ya baridi, ana kiu. Nadhani anavuja damu tumboni. Naomba uje sasa. Sampuli naituma maabara watuandalie damu." Sikiliza simu hiyo ilivyojengwa. Hakusema mgonjwa "hali yake si nzuri", maana hilo halimtoi daktari kwenye kiti. Alisema ni nani, kafanyiwa nini, anaona nini, anafikiri nini na anaomba nini. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika kwa ukali juu ya maswali na majibu yasiyo na kitu ndani. Kumuuliza mtu kama mgonjwa kalala vizuri hakukumtosha. Alitaka kujua kalala saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Simu ile ya asubuhi imetoka katika ukoo huo.

Sindano ya kitanda cha 3 haikusahauliwa, na nalisema hili kwa makusudi kwa sababu zipo wodi ambazo maumivu huhesabiwa kuwa ni udhaifu wa mgonjwa. Maumivu yakiachwa yanakuwa hatari yenyewe. Aliyepasuliwa tumbo akiumia hapumui kwa kina na hakohoi. Makohozi yanatuama chini ya mapafu, na siku ya tatu una nimonia juu ya kidonda. Haamki kutembea, damu inaganda kwenye mishipa ya miguu. Muuguzi anayempa dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kumwamsha, kisha akamwekea mto tumboni aukumbatie wakati wa kukohoa ili mshono usivutwe, anamkinga na mambo mawili ambayo hayatakuja kuonekana popote, kwa vile hayatatokea. Kazi yao nyingi iko hivyo, na labda ndiyo sababu ni rahisi kwa wanaopanga bajeti kutoiona.

Wapo walioipima. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya, wenye wagonjwa zaidi ya 420,000 waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Mgonjwa mmoja tu akiongezwa! Kwetu muuguzi mmoja kubeba wagonjwa 15 si habari ya kushangaza mtu. Na katika kundi lilelile la tafiti, wauguzi walipoulizwa ni kazi zipi huachwa wanapozidiwa, za kwanza kuachwa zilikuwa pamoja na kuzungumza na wagonjwa na kuwafundisha. Dawa hutolewa, kidonda husafishwa. Somo huahirishwa mpaka mgonjwa yuko mlangoni na mfuko wake wa nguo.

Hapo ndipo tulipomwacha yule wa kitanda cha 16. Katika foleni ya asubuhi alikuwa wa mwisho, na ilikuwa sawa awe wa mwisho. Kosa lingekuwa kumwachia karatasi na vidonge tu. Virginia Henderson wa Marekani aliieleza kazi ya muuguzi, mwaka 1966, kuwa ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa ya kutosha, na kumsaidia kwa namna itakayomfanya ajitegemee upesi. Nguvu zitarudi kwa uji na siku. Maarifa hayawezi kurudi, kwa kuwa hayakuwapo. Ndiyo maana naona kumfundisha mgonjwa ni kazi ileile ya kitanda cha 12, imesogezwa mbele kwa siku kadhaa. Muuguzi anakabidhi zamu. Kuanzia jioni hii, wa kuamua kipi kinasubiri asubuhi na kipi kinatafutiwa gari usiku huohuo ni mgonjwa, au mkewe, au kijana wa nyumbani.

Huyu alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Karatasi inasema asibebe vitu vizito kwa wiki sita. Muuguzi hasomi karatasi, anauliza. "Maji nyumbani mnayapata wapi, kaka?" Kisimani. "Nani anakwenda?" Mimi, kwa baiskeli, madumu manne. Kumbe kwa mtu huyu dumu ni maisha ya kila siku na halijawahi kuingia kwenye hesabu ya vitu vizito, ilhali dumu moja la lita 20 lina kilo 20 za maji kabla hujahesabu plastiki. Mazungumzo yanahamia kwenye jambo lenyewe: nani mwingine pale nyumbani anaweza kuendesha hiyo baiskeli hadi mshono ukomae. Kwa mgonjwa wa moyo uliochoka swali huwa lingine. Akiwa na mizani ajipime kila asubuhi, ametoka haja ndogo na hajala, na kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu arudi hospitali, maana huo si unene, ni maji. Asiye na mizani huulizwa analalia mito mingapi. Aliyekuwa akilalia mmoja, sasa anahitaji mitatu ili apate pumzi, ameshapata kipimo chake.

Somo lililonikaa zaidi moyoni nililisikia wodi ya magonjwa ya ndani. Mwanafunzi alikuwa mzee fundi cherehani, aliyekuwa aanze kujichoma insulini nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitarajia muuguzi atoe bomba la sindano. Akavuta kiti. "Baba, sindano hizi umezisikiaje huko mtaani?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Wanasema ukishaanza za sukari, safari imekaribia. Kaka yangu alianza, mwaka haukuisha."

Wengi wangekimbilia kumwambia hayo ni maneno ya mtaani. Muuguzi aliuliza habari za kaka: alianza lini, alikuwa katika hali gani. Ikatoka kwamba aliletwa hospitali mguu umeshaoza, akaanzishiwa hukohuko. "Pole sana, baba. Kwa hiyo sindano ilimkuta kaka amechelewa. Wewe inakukuta na miguu yako miwili." Mzee aliitazama miguu yake. Ile nia aliyoizungumzia Henderson niliiona ikiingia hapo, na bila hiyo kila kitu kilichofuata kingekuwa maneno ya kupita.

Swali la pili lilinishangaza. "Uzi kwenye sindano ya cherehani unatunga mwenyewe?"

"Zamani. Siku hizi mjukuu ananitungia."

Bomba la insulini lenye ujazo wa mililita moja limegawanywa vipande 100, na mtu asiyeona tundu la sindano hawezi kuona alama hizo. Akampeleka dirishani, akavuta dozi, akamwomba asome. Mzee anayesoma tepu ya inchi tangu ujana wake alikosea kwa alama mbili. Somo likasimama hapo mpaka saa ya kuona wagonjwa, mjukuu alipofika, kijana wa sekondari mwenye daftari. Wakafundishwa wote wawili: insulini hii ya mchanganyiko, ya rangi ya maziwa, huviringishwa taratibu viganjani hadi ichanganyike, haitikiswi, huchomwa tumboni mbali na kitovu, au pajani, na kila siku mahali huhamishwa. Friji hawana. Basi chupa ikae ndani ya kikopo chenye mfuniko, kikopo kikae kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini, na siku ya kufunguliwa chupa iandikwe juu yake, maana haitumiki zaidi ya wiki nne.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha ufundi huu. Kessels aliandika mwaka 2003 kwamba asilimia 40 hadi 80 ya wanayoelezwa wagonjwa husahaulika papo hapo, na sehemu kubwa ya yanayokumbukwa hukumbukwa visivyo. Kumuuliza mzee kama ameelewa ni kazi bure. Mzee wa heshima atasema ameelewa, hata kwa adabu tu. Muuguzi alisema: "Baba, mimi huwa naeleza haraka. Hebu nielezee siku yako ya kesho kutwa itakavyokuwa, nijue kama nimekueleza vizuri." Mzigo wa mtihani akaubeba yeye.

Mzee akaeleza vizuri kabisa. Anaamka, anaswali, anaviringisha chupa, mjukuu anavuta dozi, anajichoma, anakwenda kufungua duka, saa nne mama ntilie anamletea chai na chapati.

"Saa nne, baba?"

"Ndiyo. Huwa sili asubuhi."

Hakuna karatasi iliyoandikwa popote ambayo ingegundua hilo. Insulini ile hutaka chakula baada ya kama nusu saa. Angejichoma saa kumi na mbili na kukaa tumbo tupu hadi saa nne, sukari ikishuka huku mguu uko kwenye cherehani. Wakalipanga upya palepale: sindano isiguswe mpaka chai iko jikoni. Wakapitia dalili za sukari kushuka chini ya 3.9: kijasho, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, ukali usio wa kawaida yake, maneno kuchanganyika. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda, ile yenye sukari, kusubiri dakika 15, kupima tena, kisha chakula. Akikutwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Sukari ikae kwenye droo ya mkasi na chaki, na mama ntilie aambiwe.

"Na mwezi mtukufu?" mzee akauliza. Ni swali ambalo wagonjwa wengi wa pwani hulificha, wakihofia kukatazwa. Hakukatazwa wala kuruhusiwa juujuu. Aje kliniki mwezi mmoja kabla, dozi ipangwe upya na daktari aseme kama mwili utaweza. Akifunga apime mara kwa mara, kwani kujitoboa kidole hakufunguzi, na sukari ikienda chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue hapohapo, hata adhana ikiwa imekaribia.

Siku ya kliniki muuguzi hakuanza na namba. Alimwomba mzee ainue shati, akapitisha vidole tumboni, na upande wa kulia wa kitovu akakuta uvimbe mlaini. Mzee alikuwa akichoma palepale kila siku kwa sababu pamekufa ganzi, hapaumi. Ngozi ya namna hiyo hupitisha insulini ovyo, leo nyingi kesho kidogo. Akaonyesha mahali papya. Na kwa kuwa dozi ileile kwenye ngozi nzima inaweza kufanya kazi kwa nguvu zaidi na kuishusha sukari ghafla, hakumwachia aondoke: faili lilikwenda kwa daktari dozi iangaliwe, na kwenye daftari ikaandikwa kupima asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Akamgeukia mjukuu. "Ukikuta 3.5 utafanya nini?"

"Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Dakika 15. Napima tena."

"Ikiwa imepanda?"

Kijana akafikiri. "Namletea chakula. Hata kama anasema hana njaa."